Kungoja Huku Tukipanda



Kuna swali ambalo sisi makatekista wa Kisangani tunaulizwa kila mwaka, na kila mwaka linaulizwa na vijana wapya. Linaulizwa na msichana aliyepata diploma ya serikali miaka minne iliyopita, na ambaye mpaka leo anamsaidia mama yake kuuza kwanga sokoni. Linaulizwa na kijana aliyemaliza chuo kikuu na sasa anaendesha toleka, akibeba abiria kwa baiskeli isiyo yake. Linaulizwa na mwalimu kijana anayesimama kila asubuhi mbele ya watoto sabini, ilhali jina lake bado halijaingia katika orodha ya mishahara. Swali lenyewe ni hili: tunaimba kila Jumapili kwamba Mungu ni mwaminifu, basi kwa nini ahadi zake zinakawia namna hii?

Hatutaki kulijibu kwa haraka. Tumesomea ualimu, na kazi hiyo imetufundisha kwamba jibu la haraka mara nyingi humnyamazisha mwanafunzi bila kumfundisha. Tena sisi wenyewe, tulio na miaka hamsini na zaidi, tumengoja mengi katika mji huu. Kwa hiyo tutasema yale tuliyojifunza katika Maandiko, na yale tuliyoyaona kwa macho yetu kandokando ya mto huu.

Ni nani aliyeahidi?

Mtu anayedai deni hutazama kwanza ni nani aliyetia sahihi. Nasi tunaposema kwamba ahadi imekawia, inafaa tuulize kwanza ni nani aliyeiweka. Tukitazama vizuri, tutaona kwamba ahadi tunazozingoja ni za aina tatu, nasi tumezoea kuzichanganya.

Aina ya kwanza ni ahadi za wanadamu na za wenye mamlaka. Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Lakini wazazi waliendelea kulipa mpaka Septemba 2019, ndipo agizo hilo lilipoanza kutekelezwa. Imepita miaka 13. Mtoto aliyezaliwa siku ile katiba ilipotangazwa alikuwa amekwisha kupita umri wa kumaliza shule ya msingi. Deni hilo lilikuwa la watu, wala halikuwa la Mungu. Ni haki kulidai kwa watu, na ni kosa kumlaumu Mungu kana kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi.

Aina ya pili ni ahadi ambazo wanadamu huzitoa kwa jina la Mungu bila kutumwa naye. Mnazijua. Ni zile zinazotangazwa kwa vipaza sauti usiku kucha: ndani ya siku 21 utapata kazi, kabla ya mwisho wa mwaka utapata mume, toa sadaka hii leo na safari yako ya ng'ambo itafunguka. Ahadi hizi zina tarehe, na mara nyingi zina bei. Tarehe inapopita, mhubiri hasemi kwamba alikosea. Husema kwamba imani ya kijana ilikuwa ndogo. Hivyo kijana hupoteza mara mbili: hupoteza fedha zake, na hupoteza hakika kwamba Mungu anampenda.

Aina ya tatu ni ahadi za Mungu mwenyewe. Hizo ndizo tunazotaka kuzitazama kwa makini, maana ndizo zenye uwezo wa kubeba maisha ya mtu, na pia ndizo zinazotuchosha zaidi kwa kukawia kwake.

Nabii wa miaka 2 na nabii wa miaka 70

Fungueni kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 28 na ya 29, mzisome pamoja katika kikundi chenu. Wayahudi wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa mateka Babeli. Yerusalemu bado ilisimama, lakini ilikuwa imeporwa vyombo vya Hekalu. Hapo akatokea nabii aitwaye Hanania. Alisimama ndani ya Hekalu, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika miaka 2 Mungu atavunja nira ya mfalme wa Babeli, na vyombo pamoja na mateka wote watarudi. Ili aaminiwe, aliitwaa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja.

Angalieni jinsi Yeremia alivyopokea maneno hayo. Mwanzoni alisema Amina: angependa yawe hivyo. Nabii wa kweli hafurahii mateso ya watu wake. Lakini Neno la Bwana lilipomjia, alirudi kumwambia Hanania kwamba hakutumwa, na kwamba amewafanya watu waamini uongo. Hanania akafa mwaka uleule.

Kisha Yeremia aliwaandikia mateka barua. Sehemu moja ya barua hiyo inajulikana sana kati yenu. Ni aya ya 11 ya sura ya 29, pale Mungu anaposema kwamba mawazo aliyo nayo juu ya watu wake ni mawazo ya amani, ya kuwapa tumaini na siku njema za mbele. Tunaiona aya hii imeandikwa kwenye fulana, kwenye pikipiki na kwenye milango ya vibanda vya simu. Ni aya njema. Lakini mara chache tunaiona aya ya 10 inayoitangulia. Aya ya 10 inasema kwamba jambo hilo litatimia baada ya miaka 70.

Fikirini maana yake. Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa Babeli alifahamu mara moja kwamba yeye hatarudi nyumbani. Ahadi ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa yake, lakini macho yake yasingeiona. Hanania alimpa tarehe iliyo karibu. Yeremia alimpa tarehe iliyo mbali, kisha akampa kazi: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni na kuozesha, utafuteni usalama wa mji mnamokaa, na kuuombea kwa Bwana.

Hapo ndipo tunapopata kipimo ambacho tungependa mkichukue. Ahadi ya uongo humwacha anayengoja amekaa bure, mizigo imefungwa, macho mlangoni. Ahadi ya Mungu, hata ikiwa na miaka 70, humpa anayengoja jembe mkononi. Mkitaka kujua kama ahadi fulani imetoka kwa Mungu, msiulize tu itatimia lini. Ulizeni pia inawapa kazi gani leo.

Pentekoste ya mwaka 2000

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa wakati wa vita vya siku sita. Vilianza Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, vikaisha Jumamosi tarehe 10. Majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyokuwa yameingia nchini mwetu kama marafiki wawili, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji ambao haukuwa wa hata mmoja wao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema kwamba raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Nyumba za watu zaidi ya 400 ziliharibiwa. Shule, hospitali na nyumba za ibada zilipigwa, hata Kanisa Kuu letu la Bikira Maria lililo ukingoni mwa mto.

Sisi tulikuwemo. Tulilala sakafuni, watoto wakiwa katikati ya watu wazima, magodoro yakiwa yameegemezwa kwenye madirisha. Umeme ulikatika, na maji ya bomba yakakatika. Makombora yalipotulia kidogo, mama mmoja wa uani kwetu aligawa sufuria moja ya mchele kwa familia tatu, akihesabu vijiko. Usiku tulisali rozari kwa sauti ya chini, na mara nyingine mlipuko ulitukatiza katikati ya Salamu Maria, tukaanza tena.

Sasa tazameni kalenda ya mwaka ule. Pentekoste iliangukia Jumapili tarehe 11 Juni. Kumbe siku zote sita za vita zilikuwa ndani ya novena ya Roho Mtakatifu, zile siku ambazo Kanisa hungoja pamoja na Maria na mitume katika chumba cha juu. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba Yesu aliwaagiza wasitoke Yerusalemu, bali waingoje ahadi ya Baba. Nasi hatukuweza kutoka. Tulingoja ahadi ileile, nyuma ya milango iliyofungwa, kwa hofu ambayo mitume pia waliijua.

Je, ahadi ilitimizwa Jumapili ile? Hatukuona ndimi za moto. Tuliona moshi, na kuta zilizotobolewa. Lakini tuliona pia wajitolea wa Msalaba Mwekundu, wengine wakiwa vijana wa rika lenu, wakiokota maiti na kuzizika, watu wasiowajua kwa jina wala kwa kabila. Tuliona watu waliopotezana wakitafutana mtaa kwa mtaa, na milango ikifunguliwa kwa majeruhi bila kuulizwa wanatoka wapi. Mji wetu una makabila mengi na lugha nyingi. Asubuhi ile watu walielewana. Hatukuondolewa msiba, lakini tulipewa nguvu ya kufanya lile lililopaswa kufanywa ndani ya msiba. Na Yesu, alipoahidi Roho, hakuahidi kwamba wafuasi wake hawatateswa. Aliahidi nguvu ya kuwa mashahidi wake.

Kudai haki si ukosefu wa imani

Huenda mmoja wenu akasema: basi, kungoja kwa imani ni kunyamaza. Hapana. Tuwaelezeni yaliyofuata.

Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu baada ya vita kuisha, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304. Lilisema kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa ajili ya watu waliokufa na mali iliyoharibiwa Kisangani. Nchi yetu ilikuwa imekwisha kupeleka mashtaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule Uholanzi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliamua kwamba Uganda ina wajibu wa kulipa kwa matendo ya majeshi yake nchini mwetu. Juu ya Rwanda, mwezi Februari 2006, ilisema kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Tena ikapita miaka. Tarehe 9 Februari 2022 ndipo ilipotaja kiasi: dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya waliokufa na mateso mengine waliyotendewa watu. Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, nayo ikalipa fungu la kwanza mwaka uleule wa 2022.

Hesabuni: tangu azimio mpaka hukumu ya fedha, karibu miaka 22. Katika muda huo, wajane wamezeeka na yatima wamekuwa wazazi. Katika parokia zetu wamo watu waliotunza karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki, juu ya kabati, mbali na mvua na panya: cheti cha kifo, picha ya nyumba iliyoanguka, karatasi ya hospitali. Wengine wamezikwa, na karatasi zimebaki mikononi mwa watoto. Hatuwezi kuwaambia watu hawa kwamba wasidai kwa kuwa Mungu atawalipa mbinguni. Maneno kama hayo yanampendeza mdeni kuliko Mungu.

Yesu mwenyewe, alipotaka kufundisha sala isiyokata tamaa, alitupa mfano wa mwanamke mjane aliyemrudia hakimu mbaya mara kwa mara mpaka akapata haki yake. Mnausoma katika Injili ya Luka, sura ya 18. Hakumwambia mjane yule arudi nyumbani akasali. Alimfanya mwalimu wa sala kwa sababu alikuwa anakwenda mahakamani kila siku. Mama anayepiga foleni na karatasi zake asubuhi, na jioni akasali rozari katika jumuiya, hafanyi mambo mawili yanayopingana. Anangoja kama Injili inavyotaka.

Lakini yafaa tutenganishe. Fidia ikicheleweshwa, au ikipotea njiani, uaminifu uliopungua ni wa wanadamu. Uaminifu wa Mungu uko mahali pengine: uko katika mama yule ambaye kwa miaka hii yote hakufundisha watoto wake kulipiza kisasi.

Abrahamu na shamba la makaburi

Tumrudie baba yetu katika imani. Abrahamu alikuwa na miaka 75 Mungu alipomwita na kumwahidi uzao na nchi. Isaka alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 100. Kwa hiyo alingoja mwana kwa miaka 25, na hapa wahubiri wengi huishia, wakisema: unaona, hatimaye alipata. Lakini Abrahamu alikuwa ameahidiwa nchi pia. Je, aliipata?

Someni sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo. Sara alipokufa, Abrahamu hakuwa na mahali pa kumzika. Alisimama mbele ya wenyeji akajiita mgeni na msafiri, akanunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, bila hata kupunguziwa bei. Mtu aliyeahidiwa nchi nzima alimiliki shamba moja, nalo lilikuwa la makaburi. Aliishi mpaka miaka 175, na katika nchi ile kitabu cha Mwanzo hakitutajii shamba lingine alilolinunua. Ndiyo maana Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, unasema kwamba watu hao wote walikufa katika imani wakiwa hawajapokea yaliyoahidiwa, bali waliyaona kwa mbali wakayashangilia.

Tunawaeleza hili kwa sababu hatupendi mdanganywe. Yako mambo ambayo Mungu ameahidi, nanyi mtayaona kabla ya kufa. Yako mengine mtayaona kwa mbali tu. Lakini Abrahamu alinunua shamba lile katika nchi ya ahadi, si mahali pengine. Hakumrudisha Sara kule alikotoka ili amzike kwa mababu. Kwa kaburi lile alisema: hapa ndipo Mungu alipotuahidi, na hapa tutabaki. Mtu anaweza kuonyesha imani hata kwa namna anavyozika.

Waliopanda wasione mavuno

Hata imani yetu hapa Kisangani imetufikia kwa njia hiyo. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alifika hapa penye maporomoko ya mto, na wakati wa Noeli akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Wengi wa wenzake waliomfuata walikufa kwa homa wakiwa bado vijana, kabla ya kuijua vizuri lugha ya watu. Kama uaminifu wa Mungu ungepimwa kwa yale waliyoyaona wao, tungesema kwamba waliahidiwa bure. Leo mjukuu wa kitukuu wa wale waliobatizwa kwanza anaimba katika kwaya yenu.

Mkumbukeni pia Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika lenye jina la Kiswahili, Jamaa Takatifu. Alizaliwa Wamba mwaka 1939. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa maasi, kwa sababu hakukubali kuivunja nadhiri aliyomwekea Bwana. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Siku zilezile Askofu wa Wamba, Joseph Wittebols, naye aliuawa, na mapadri na watawa wengi walikufa katika lililokuwa jimbo letu la Mashariki. Aliyekuwa hai mwaka ule angeweza kudhani kwamba kazi yote iliyoanza mwaka 1897 imekwisha. Lakini tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa mwenyeheri huko Kinshasa, na siku hiyohiyo akamsamehe aliyemuua.

Angalieni kwamba kwa Anuarite uaminifu ulikwenda pande mbili. Mungu alimwahidi, naye pia aliahidi. Sisi tunapozungumza juu ya ahadi, tunamtazama Mungu tu, tukihesabu alichochelewesha. Je, zile ahadi tulizomwekea sisi siku ya Ubatizo na ya Kipaimara, nazo zimechelewa kwa miaka mingapi?

Somo la likelemba

Wengi wenu mmo katika likelemba. Watu kumi wanatoa fungu lilelile kila juma au kila mwezi, na kila mara mmoja wao anapokea yote. Yule wa kwanza anapokea mara moja. Yule wa kumi anatoa, anatoa, anatoa, na mkono wake bado mtupu. Mtu wa nje akimtazama katika juma la saba, atasema kwamba amepoteza fedha zake. Lakini yeye hajasahauliwa. Zamu yake bado. Usalama wake unategemea jambo moja tu: kwamba wale waliopokea kwanza wataendelea kutoa. Likelemba haifi kwa sababu mtu wa kumi anangoja. Hufa pale aliyepokea kwanza anapotoweka.

Mungu si likelemba, wala hatumwekei fedha ili aturudishie. Lakini mfano huu unaonyesha jambo juu yetu. Ndani ya Kanisa wapo waliopokea mapema: aliyepata kazi, aliyepona ugonjwa, aliyefunga ndoa, aliyemaliza masomo. Uaminifu wa Mungu kwa yule anayengoja bado mara nyingi hupita mikononi mwao. Kijana aliyepata kazi akitoweka katika kikundi, yule asiyepata hutetereka katika imani yake, naye husema kwamba Mungu amemsahau, kumbe aliyemsahau ni ndugu yake. Kwa hiyo, ewe uliyepokea, usitoke. Zamu ya mwenzako inategemea fungu lako.

Tupande nini?

Tukirudi kwenye barua ya Yeremia, yale aliyowaagiza mateka yanaweza kufanyika Kisangani bila kungoja msaada wa kutoka mbali.

Jengeni. Kijana asiye na kazi bado ana ufundi wa kujifunza. Katika parokia zetu wamo washonaji, maseremala, mafundi wa baiskeli na wa redio, na walimu wazee, ambao wangefurahi kumpokea mwanafunzi mwenye subira. Diploma iliyo kabatini si sababu ya kuidharau randa.

Pandeni. Ardhi yetu haikosi mvua. Vikundi kadhaa vya vijana tunavyovijua vimelima mihogo na mboga kwenye kiwanja cha parokia, wakala pamoja na kuwapelekea wagonjwa.

Utafuteni usalama wa mji. Tangu mwaka 2023 mji wetu umepokea watu waliokimbia mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola upande wa Lubunga. Walio wengi ni wakristu, wanasali Baba Yetu ileile. Kijana anayekataa kueneza neno la chuki, anayekwenda kuwatembelea waliokimbia bila kuuliza kwanza kabila lao, amefanya kazi ambayo Yeremia aliwaagiza mateka. Amani haitashuka siku moja ikiwa imekamilika. Inapandwa.

Tena salini, msifiche uchovu wenu mbele ya Mungu. Zaburi zimejaa watu wanaomwuliza Mungu hadi lini. Kanisa limeyaweka maswali hayo katika sala zake za kila siku. Halikuyaona kuwa dhambi. Anayemwuliza Mungu hadi lini bado anaongea naye, na bado anamtarajia.

Vijana wapendwa, hatuwezi kuwaahidi tarehe. Aliyewapa tarehe, mwulizeni nani alimtuma. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba Mungu aliyeahidi kuwa pamoja nasi siku zote hakutuacha hata katika zile siku sita, na kwamba wale waliotutangulia walipanda katika udongo huu wakiwa hawana uhakika wa kula matunda yake, nasi tunakula. Yaliyobaki ya ahadi yake tuyangoje kama wao, tukiwa na udongo mikononi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kila mmoja ataje ahadi moja anayoingoja. Kisha mwulizane: ni nani aliyeiweka? Ni mtu, ni mtu anayejitia kusema kwa jina la Mungu, au ni Mungu mwenyewe katika Neno lake?

2. Someni Yeremia 29, aya ya 4 hadi ya 14. Kati ya kazi anazozitaja nabii, ni ipi ambayo kikundi chetu kinaweza kuianza kabla ya mwezi huu kwisha?

3. Ni nani katika kikundi chetu amengoja kwa muda mrefu, naye ameacha kuja? Nani atamtembelea juma hili?